Kazi ya nyumbani kwenye WhatsApp: anayesomeshwa ni mtoto au mzazi?

MamaKisauni
Wazazi wenzangu, hili nataka tulijadili waziwazi. Mwanangu yuko Gredi ya Tatu. Siku hizi haandikiwi kazi ya nyumbani daftarini. Mwalimu huituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp usiku. Wiki jana ilikuwa: mtoto apigwe picha akiosha vyombo, picha itolewe kwa rangi, ibandikwe kwenye manila, ije kesho asubuhi. Saa hizo saiba ya mtaani, pale pa intaneti na kuchapisha, imeshafungwa. Mtoto akitoka shule huingia chuoni, yaani madrasa, hurudi magharibi, na simu ninayo mimi, nami hufika nyumbani saa mbili na nusu. Asubuhi alilia hataki kwenda, maana wasio na picha husimamishwa mbele ya wenzao. Na vyombo aliviosha! Huviosha kila siku. Nauliza: ni haki shule kutoa kazi ambayo mtoto haiwezi bila simu na pesa ya mzazi?

Ticha_Kilifi
Dada, pole. Kumsimamisha mtoto ni kosa, na mwalimu huyo aambiwe. Lakini mzazi kushirikishwa hakukubuniwa na yeye, kumo ndani ya mtaala wenyewe wa umilisi (CBC). Picha nayo haina haja ya kuchapishwa, mimi nikiiona kwenye simu imetosha.
Ila WhatsApp msiitupe yote. Nina bibi mmoja analea wajukuu wawili, hajui kusoma. Nilikuwa nikiandika daftarini, haambulii kitu. Sasa namtumia ujumbe wa sauti kwa Kigiriama: leo watoto wahesabu punje za mahindi, wazipange kumi kumi. Asubuhi wanakuja wameshafanya, na mdogo ananieleza jinsi bibi alivyomkosoa. Mkinifungia kundi, bibi huyu nitamfikia vipi?

BabaPacha
Mtaala gani mwalimu? Uliletwa mbio mbio 2017, tukaambiwa kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa laptop. Iko wapi? Wangu ni wawili darasa moja, kila kazi nalipia mara mbili. Juzi wameambiwa watengeneze sanamu ya kutishia ndege. Nikaitengeneza mimi, suruali yangu, kofia yangu, wao wamelala. Mwalimu akaipa alama nzuri. Kampa nani?

Mzee_Tudor
BabaPacha, unachanganya mambo. Ahadi ya laptop ilikuwa kampeni za 2013, na vilivyokuja ni tabuleti, kuanzia 2016. 2017 ulikuwa mtaala wa majaribio, nchi nzima ulianza 2019. Na hiyo 8-4-4, mfumo wa elimu wa zamani mnaoutamani, ilipoingia 1985 sisi wazazi tulichangishwa harambee tukajenga karakana za useremala. Hatukumwambia mwalimu atuonee huruma.
Niseme ukweli mtupu. WhatsApp haina kosa. Watoto wenu wanalelewa na dada wa kazi aliyeishia la saba, nyinyi mnarudi saa mbili na nusu mkishika simu kumlaumu mwalimu.

MamaKisauni
Mzee wangu, kwa heshima zote. Saa mbili na nusu natoka kushona nguo kiwandani, sitoki arusini. Nikiacha kazi hiyo, karo ya chuo utalipa wewe?

BabaPacha
Mzee amekosea adabu. Hapo kwenye "aliyeishia la saba" afute.

Mzee_Tudor
Sifuti. Nimesema uongo?

BintiVoi
Mimi nilikuwa dada wa kazi. Nyali, nyumba ya ghorofa. Nisikilize mzee. Machi 2020 shule zilipofungwa, baba na mama walijifungia chumbani na kompyuta zao. Aliyeketi na mtoto mbele ya redio ya KBC vipindi vikianza ni mimi. Mwalimu wa redioni anasema "andika", haoni kama kalamu imevunjika. Niliyekuwa nachonga kalamu ni mimi. Mtoto alikuwa anaruka herufi, "nyumba" anaandika "numba". Tulikaa na gazeti kuukuu, namwambia tafuta kila penye "ny" uzungushie duara. Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021 alikuwa anasoma bila kusita, na mama yake akapongezwa kwenye mkutano wa wazazi. Mimi nilikuwa nje getini nimeshika mkoba.

Mdau_wa_Tanga
BintiVoi, umeongea mkuu. Huku kwetu Tanzania ni yaleyale. Mtaala mpya umeanza Januari 2024, makundi ya wazazi yamejaa, na kila kundi lina mzazi mmoja anayetuma majibu saa tatu usiku ili wote wakopi. Mtoto shuleni simu marufuku, jioni hana simu hana kazi. Lakini swali kwa wana Mombasa: huyo dada mnamlipa ngapi? Maana mnataka apike, afue, kisha awe mwalimu.

BabaPacha
Kuna kima cha chini cha sheria. 2022 kilipandishwa ikawa elfu kumi na tano na ushei kwa miji mikubwa kama Mombasa, na tangu hapo kimepanda tena.

MamaKisauni
Elfu kumi na tano mimi mwenyewe nikikatwa makato nabaki na ngapi? Namlipa ninachoweza, anakula ninachokula, analala anapolala mwanangu.

BintiVoi
Dada, hiyo ya "anakula ninachokula" nimeisikia kila nyumba. Chakula si mshahara.

BabaPacha
Haya, limeshakuwa baraza la wafanyakazi.

Ticha_Kilifi
Jamani, kuhusu yule bibi hamjanijibu.

Mzee_Tudor
Binti, umefanya vizuri, sikukatai. Lakini mmoja si wote. Mjukuu wangu aliletewa msichana anayempa simu tangu asubuhi aangalie katuni, ili yeye apate kufua. Ana miaka minne, anajua kuruka tangazo, hajui kufunga vifungo vya shati.

BintiVoi
Kampa simu ya nani? Ni ya wazazi wake, waliiacha wao nyumbani ili mtoto asilie. Na hukuniuliza mimi niliishia wapi. Nilifanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, nikapita, nikaitwa shule ya upili, karo ikakosekana. Hilo la kutukanwa darasa tulilofika ndilo linalonichoma, kwa sababu hatukuchagua.

Mzee_Tudor
Hapo nimekuelewa. Neno langu la jumla nimeliondoa.

Mdau_wa_Tanga
Swali dogo. BintiVoi, ulikuwa ndani ya kundi la WhatsApp la darasa la huyo mtoto?

BintiVoi
Nani aniweke? Namba zilizochukuliwa siku ya kuandikisha ni za baba na mama. Kazi ilikuwa inaingia kwa simu ya mama akiwa ofisini, yeye ananipigia saa moja usiku: eti wanataka jani la mwembe na jani la mkorosho. Natoka na tochi. Mwalimu angeniambia mchana, tungeyachuma tukirudi, na mtoto angejua tofauti yake kwa mkono wake.

MamaKisauni
Hili sikuwa nimelifikiria. Dada wangu wa kazi yuko na mtoto tangu anapotoka chuoni, lakini hana WhatsApp, ana kabambe, simu ndogo ya vitufe. Mwalimu Kilifi, ukituma SMS ya kawaida saa tisa kwa namba yake, kazi itafanyika kabla sijafika. Kwa hiyo na picha ya rangi itakufa yenyewe.

Ticha_Kilifi
Naweza. Lakini SMS kwa wazazi sitini na kitu ni pesa, na bando la sasa nalinunua mimi. Shule haina fungu la hilo. Na mzazi mmoja akiniuliza kwa nini natuma habari za mwanawe kwa mfanyakazi, nitajibu nini?

BabaPacha
Andika kwenye daftari, mwalimu! Daftari halina bando.

Ticha_Kilifi
Na bibi?

MamaKisauni
Bibi abaki na sauti yake. Wengine waandikiwe daftarini kabla ya kengele ya mwisho, na fomu ya kuandikisha iwe na nafasi ya tatu: nani anakaa na mtoto jioni, na namba yake. Mkutano wa wazazi uko Jumamosi, nitalisimamia hili. Mzee Tudor, shule yetu wajukuu wako wawili wamo. Utakuja?

Mzee_Tudor
Nitakuja. Ila hilo la fungu la SMS nitalipinga, pesa za wazazi zimeshachangishwa vya kutosha.

BintiVoi
Pinga SMS, lakini hiyo nafasi ya tatu usiiguse.