Huyu mtu wa pale kwenye chai Tororo leo kanimaliza kabisa

Jamani nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Jina silitaji, watu wa Tororo mnamjua, yule ambaye hata msibani atatafuta rimoti. Leo kabonyeza nyekundu. Ile nyekundu ya kukata simu!!

Sikilizeni. Binamu yangu yuko Uingereza, kasimama platifomu ya Doncaster na baridi yake yote, kanipigia video maana Flying Scotsman inapita. Haisimami, INAPITA. Injini ya mvuke iliyoundwa hapohapo Doncaster 1923, ile iliyopimwa rasmi ikigonga maili 100 kwa saa mwaka 1934, ukipepesa macho imeshaenda. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai wote waone, na MB nimenunua mimi. Mzee wetu wa kule landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, aliyekuwa fayamani, mtunza moto wa injini, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kaja kwa mguu na fimbo, kavaa ile miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, kasogea mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo. Injini zake yeye zilichoma mafuta mazito, alitaka aone moshi wa makaa kabla hajafa, ndivyo alivyosema.

Tunaona watu na makamera wamejazana mwisho wa platifomu, tunaona moshi kule mbali, firimbi inaanza fiiiii, mzee kainua kidole anatuambia "sikia, kafungulia mvuke huyo", na huyu mtu anapitisha mkono juu ya bega la mzee ANABONYEZA NYEKUNDU. Eti mpira umeanza, eti hilo ni birika lenye magurudumu. Kidole cha mzee bado kiko juu!

Kumpata tena binamu, imeshapita, kilichobaki ni dizeli iliyofungwa nyuma. Dizeli!! Dizeli si hata hapa zinapita? Juu ya bega la mzee jamani. Nyekundu.

Mama_Chapati_Malaba: 😂😂 nimemjua kabla ya mstari wa pili. Huyo alizima redio ya mama mkwe wake katikati ya matangazo ya vifo.

kijana_wa_mbale: Sasa mtu mzima unalilia treni ya wazungu kwenye simu? Kanywe maji.

mwanareli_TRO: Wewe cheka. Mzee katoka hata chai hajamaliza. Kwa nini asingeomba tu, sekunde chache, mpira si dakika 90?

Babu_Garratt: Pole sana ndugu, ila hiyo Scotsman ni nyembamba. Nenda makumbusho ya reli Nairobi uone injini ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918 Mount Gelai, tani 250 na zaidi juu ya reli ya mita moja. Hizo za daraja la 59 zote zilipewa majina ya milima yetu. Zingekuwa zinapita hapa Tororo kama zamani huyo mtu angekimbia.

nalukolongo_boy: Zamani ipi mzee? 59 kazi yake ilikuwa Mombasa–Nairobi. Tororo ulizionea ndotoni.

Babu_Garratt: Wewe ulizaliwa lini?

Busia_Mpakani: Huyohuyo ana chaja yangu tangu Krismasi, nikimuuliza anasema amemwazima mtu ambaye mimi simjui.

mwanareli_TRO: Chaja inanunuliwa. Ile firimbi nitainunua wapi?

Dada_wa_Iganga: Nyinyi na mvuke wenu, treni ya abiria ya kutoka Tororo kwenda Kampala iko wapi? Tunabanwa kwenye teksi wanne kiti cha watatu, juzi konda kala chenji yangu tukasimama Namawojjolo, pale kwa wachomaji wa barabarani, akanunua kuku KWA PESA YANGU akala mbele yangu

kijana_wa_mbale: 😂😂😂 kuku au gonja, ile ndizi ya kuchoma?

Dada_wa_Iganga: Kuku. Paja.

Mama_Chapati_Malaba: Konda wa hivyo unampigia kelele gari zima lisikie, mimi wangu alirudisha kabla hatujafika Mukono

Busia_Mpakani: Na hiyo gonja ya Namawojjolo siku hizi ndani ni mbichi, au ni mimi tu?

nalukolongo_boy: Si wewe tu. Wanaichoma kwa haraka, juu nyeusi ndani jiwe. Mwezi huu nimerudisha mbili.