Kobe amewaka Kapsoit: gari la umeme la mtumba limeniaibisha

Wadau, leo sitaki kubembelezwa. Jumamosi nilikuwa nampeleka shangazi matanga Kericho. Natoka Mamboleo, kioo kinasema chaji iliyopo inanifikisha kilomita 105. Nafika Awasi, 61. Nikatulia, si nimebakisha kama 40 tu? Kumbe hesabu hiyo ni ya tambarare ya Ahero. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Kericho karibu 2,000. Kuanzia Kipsitet kilomita zikaanza kudondoka mbili mbili, na Kapsoit ikawaka taa ya kobe, ile ya kusema chaji imekaribia kuisha na gari linapunguza nguvu. Kobe kabisa, mwenye gamba. Gari likaanza kutambaa. Shangazi akauliza, "Mwanangu, huyu mnyama anataka nini?"

Breki dauni ya kwanza ilikuja na mnyororo. Ikabidi nisubiri ile ya kubeba gari zima, kwa sababu ukiliburuta magurudumu ya mbele yakizunguka unaua mota. Elfu kumi na tano kurudi Kisumu. Shangazi alimalizia safari kwa matatu, na mazishini hadithi ilifika kabla yake.

Aliyeniuzia kule Mombasa aliapa betri ni nzima. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari vya kuonyesha uzima wa betri. Betri ikiwa mpya viko 12. Changu kilikuja na 9 nikadhani ni chaji imepungua! Kijistari cha kwanza kikizima ujue umeshapoteza kama asilimia 15 ya betri, na hakirudi. Yangu ni ile ya kilowati-saa 24, haina maji ya kuipooza, inategemea hewa tu. Hewa gani, ya Kisumu saa nane mchana?

Mjini linaokoa pesa, hilo sikatai. Lakini nachaji kwa soketi ya ukutani usiku kucha, na mvua ikinyesha tu stima inapotea. Asubuhi napanda boda kwenda kazini na gari liko nyumbani.

Na msiniletee hadithi ya kwamba gari la umeme linaokoa mazingira. Najua Olkaria, najua stima ya mvuke wa ardhini. Huku magharibi jioni stima ikilegea, kwa miaka kadhaa mtambo wa Muhoroni umekuwa ukichoma mafuta kuishikilia. Kobalti ya betri nyingi, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, inatoka Kongo, na kuna machimbo kule Kolwezi ambako watoto wamechimba kwa mikono. Na betri hii yangu ikifa naipeleka wapi? Taka za kawaida tu zilitutoa jasho miaka mingapi pale jalala la Kachok, Kisumu! Nimeuliza mafundi watatu. Mmoja alitaka kuinunua aweke kwa sola ya kuku. Huyo angalau alikuwa na jibu.

Sasa liko chini ya mwembe, na stima haipo tangu saa kumi. Anayejua fundi wa kubadilisha seli za betri aliye huku, si Nairobi, aandike. Na wale wa "langu halina shida", semeni kwanza mnakaa wapi na mlima wenu uko wapi.