Safari ya kikazi mnaiita kula bata? Siku 4, miji 3, na bado mhasibu ananidai masurufu

Wakuu, naomba mnivumilie, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Nina jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa, nisipolitoa nitalitolea ofisini na nitajutia.

Nimerudi safari ya kikazi. Siku nne, miji mitatu, ndege tano. Naingia ofisini macho mekundu, mgongo umekakamaa, mtu wa kwanza kukutana naye mlangoni ananiambia, "Kaka umenawiri, umekula bata!" Nikacheka. Ningefanya nini? Kufika mezani nakuta barua ya uhasibu: nirejeshe masurufu, yaani fedha za safari nilizotangulizwa, ndani ya siku saba, la sivyo yanakatwa kwenye mshahara. Pamoja na maelezo ya maandishi kwa nini "nilichelewa ndege kwa uzembe".

Uzembe! Neno hilo ndilo lililonifungulisha huu uzi.

Tuanzie penye mzizi. Tiketi sikukata mimi. Kitengo cha manunuzi kina utaratibu wake: wanaita bei, ya chini kabisa ndiyo inayopita, basi. Hakuna anayeangalia kilicho ndani ya hiyo bei. Mimi nikaletewa Jumapili usiku, nifungashe niondoke alfajiri. Naifungua, nakuta ni tiketi mbili. Ya kwanza inanipeleka mji wa katikati na kampuni moja, ya pili inanitoa pale na kampuni nyingine kabisa, namba ya kuhifadhi nafasi tofauti, jengo la abiria tofauti.

Kwa ambaye hajawahi kuungua na hili, aelewe hivi. Ukiwa na tiketi moja yenye ndege mbili ndani yake, ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni mzigo wao kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kampuni ya pili haijui kama ulikuwa angani wala haina haja ya kujua. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na abiria asiyetokea kwenye kipande cha kwanza, mara nyingi mfumo unamfutia na vipande vyote vilivyobaki, hadi cha kurudi nyumbani. Yaani unaweza ukajilipia usafiri mwingine ukafika, kumbe ya kurudi haipo tena.

Hiyo ndiyo "bei nafuu" aliyoshangilia mtu wa manunuzi.

Muda wa kuunganisha ulikuwa saa mbili na dakika kumi. Ndege ya kwanza ikachelewa saa moja na dakika hamsini. Hawakusema sababu, walisema tu "tunaomba radhi" mara tatu kwa lugha mbili. Matairi yanagusa ardhi saa mbili kamili usiku, ndege yangu ya pili inaruka saa mbili na dakika ishirini, na geti linafungwa dakika ishirini kabla. Piga hesabu mwenyewe. Wakati mimi nafungua mkanda wa kiti, wao wanafunga geti. Hapo bado sijapanga foleni ya uhamiaji, sijapanda basi la kwenda jengo la pili, sijavua mkanda na viatu kwenye ukaguzi.

Nilikimbia hivyo hivyo. Sijui kwa nini mtu hukimbia akijua kabisa imekwisha. Nimefika nimelowa jasho mgongo mzima, kwenye ubao wa matangazo ndege yangu imeandikwa imeondoka, mstari mmoja tu mweupe, halafu ukapanda juu ukapotea.

Hapa lazima nimtendee haki dada mmoja wa kaunta, maana katika safari nzima yeye ndiye mtu wa kwanza aliyefanya kazi yake. Nilikuwa nimeshatoa kadi nataka kununua tiketi ya kampuni nyingine inayoondoka baada ya nusu saa. Akanizuia. Akaangalia kwenye kompyuta, akaniambia nikiondoka na hao wengine vipande vyangu vitatu vilivyobaki vinafutika. Akanibadilishia hiyo hiyo tiketi kwenda ndege ya saa 11:20 alfajiri, nilipie tu gharama ya mabadiliko. Nikalipa kwa kadi yangu. Mashine ikatoa kikaratasi, nikakikunja nikakichomeka nyuma ya simu, ndani ya kava, ili kisipotee.

Kikumbukeni hicho kikaratasi.

Usiku nililala kwenye viti. Viti vyenyewe vina vyuma vya kuegemeza mikono kila kimoja, vimewekwa makusudi mtu asinyooke. Nililala kama nukta ya mkato. Kila baada ya robo saa kipaza sauti kinakumbusha nisiache mzigo bila uangalizi, na mimi mzigo nimeufunga kwenye kifundo cha mguu kwa kamba ya begi.

Sasa jambo la muda wa kikao, na hapa nakubali nami nina sehemu yangu ya lawama, ingawa ndogo. Mwenzangu wa ofisini alinitumia ujumbe: "Kikao Jumanne saa 9." Basi. Mswahili ukiambiwa saa 9 unajua ni saa tisa, alasiri, mtu umeshakula na kupumzika. Yeye alinakili kutoka kwenye mwaliko ulioandikwa 9:00, maana yake saa tatu asubuhi. Tunafanya kosa hili kila siku kwenye vikundi vya kazini, na kila siku kuna mtu anafika akiwa amechelewa saa sita au amewahi saa sita. Kwa hiyo nilivyokaa pale kwenye viti vya chuma moyo wangu ulikuwa umetulia. Nikifika asubuhi naenda hotelini, naoga, nalala kidogo, napiga pasi shati.

Ndege ya alfajiri ilikuwa ndogo. Mimi siku zote nasafiri na begi dogo la kuingia nalo ndani, sikabidhi mzigo, nimeshajifunza. Foleni ya kupandia, mhudumu ananyoosha kidole: begi hilo, hilo, na hilo la yule kaka, yanashuka chini, juu kumejaa. Akaniambia nitoe pawabenki na betri zozote, maana za lithiamu haziruhusiwi kukaa kwenye shehena, zikishika moto huko hakuna wa kuziona. Sawa, najua. Nikatoa pawabenki, nikatoa kompyuta. Watu nyuma yangu wanahema. Chaja ya kompyuta nikaisahau ndani ya begi.

Tumefika. Mkanda wa mizigo ukazunguka. Likazunguka sanduku moja jekundu lisilo na mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka nikawa nalifahamu mikwaruzo yake. Langu halikuja. Mkanda ukasimama.

Nikaenda dirisha la mizigo iliyopotea kujaza fomu. Jamani, kama kuna kitu kimoja mtu achukue kwenye huu uzi: usitoke uwanjani bila kujaza ile fomu na kupewa namba. Ukishavuka mlango wa nje ukaja kusema kesho, utaulizwa ushahidi uko wapi. Niko nachagua picha ya begi linalofanana na langu kwenye kadi yao yenye michoro, simu inaita. Saa mbili na dakika hamsini asubuhi.

"Ndugu, tumeshakaa, tunakusubiri wewe tu."

Wakuu, mmewahi kusikia tumbo likishuka? Niliingia kwenye kile kikao saa tatu na dakika arobaini, nimevaa fulana niliyolala nayo, raba, suruali imekunjamana magotini. Watu saba wenye suti. Nafungua kompyuta, betri asilimia 11. Nauliza chaja, wanazo nne, hakuna inayoingia. Nikafika slaidi ya tatu, kioo kikazima.

Nikabaki nimesimama.

Halafu, sijui ni uchovu ulinitoa aibu, nikavuta kiti nikakaa nao mezani nikaanza kuongea tu. Nikawaambia mzigo wao unakwama wapi, sisi tunaweza kufanya nini na nini hatuwezi. Hicho cha "hatuwezi" kwenye slaidi hakikuwemo, bosi alikitoa. Mzee mwenye kampuni akaweka kalamu chini akaanza kuuliza maswali ya maana. Tulikaa saa mbili unusu. Wakati natoka akanishika bega, akasema wamechoka kuoneshwa picha. Wiki hii wametuma barua ya kukubali. Mkataba tuliouhangaikia miezi minane umepatikana kwa sababu begi langu halikufika! Ofisini hakuna aliyelisema hilo. Wanasema "timu imefanya vizuri".

Mji wa tatu sina la kuwasimulia. Niliuona kupitia kioo cha teksi, mvua inanyesha. Kikao kiliahirishwa nikiwa nimeshakaa kwenye kiti.

Begi nalo lilikuwa na safari yake. Siku ya tatu likapelekwa hoteli ya mji wa pili, mimi nimeshatoka. Likatumwa mji wa tatu, nimeshatoka. Limenifikia nyumbani siku ya sita baada ya kurudi, gurudumu moja halipo. Nimeandika malalamiko siku hiyo hiyo, maana kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari nyingi za kimataifa, begi lililoharibika una siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi tangu ulipolipokea, na lililochelewa una siku 21. Ukomo wa fidia ya mizigo kwa abiria mmoja tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519, yaani vizio vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni ukomo huo, msije mkadhani ni zawadi: unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha. Na kuthibitisha maana yake risiti.

Haya, turudi kwenye risiti, ndipo nilipotaka kufika.

Nilinunua shati, viatu, soksi na chaja. Kampuni ya ndege inataka risiti halisi ili inirudishie. Mhasibu wetu naye anataka risiti halisi ili afunge masurufu yangu. Nikamwambia nampa nakala, akasema nakala haifungi hesabu. Nikamwambia basi nikupe halisi, ndege wapewe nakala. Akasema zaidi ya hapo, nguo ni matumizi binafsi, ofisi haivalishi watu. Mama wa watu ni mpole, simchukii, hajawahi kulala uwanja wa ndege. Anasoma kilichoandikwa kwenye mwongozo.

Na kile kikaratasi cha dada wa kaunta? Nimekitoa nyuma ya simu mbele ya mhasibu, nimekikunjua. Cheupe. Kimebaki kivuli cha nembo na tarakimu mbili za mwisho. Karatasi zile hazina wino, maandishi yanatokea kwa joto la mashine, na zikikaa zimegusana na kava la plastiki laini, au mafuta ya mkono, au jua, zinafifia hadi zinaisha. Nimekilinda kuliko pasipoti, kumbe ndivyo nilivyokuwa nakifuta. Nimeonesha taarifa ya benki yenye kiasi, tarehe na jina la kampuni ya ndege. Jibu: "Hiyo inaonesha ulilipa, haioneshi ulilipia nini."

Nikauliza swali moja tu, kwa adabu. Ile tiketi mbili mbili iliokoa kiasi gani? Nikaoneshwa. Wakuu, gharama ya mabadiliko peke yake imepita hapo. Bado shati, bado viatu, bado gurudumu, bado usiku wa chumba cha hoteli kilicholipiwa nisikilale. Ila kwenye taarifa ya manunuzi inasomeka wameokoa, na kwenye taarifa ya uhasibu inasomeka mimi nimezembea. Karatasi hizo mbili ziko jengo moja, hazijawahi kukutana.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu: barua ya maelezo naiandikaje bila kutukana? Na je, kuna aliyefanikiwa kuomba kampuni ya ndege impe risiti upya kwa namba ya tiketi? Nimewaandikia, wamejibu kwamba wamepokea.

Nyongeza: wakati naandika hii, barua pepe imeingia kutoka manunuzi. Safari ijayo ni Jumatatu. Viambatanisho viwili, kampuni mbili. Muda wa kuunganisha, saa moja na dakika arobaini.