Nina mtoto mchanga, riwaya niiandike saa ngapi?

Swali: Mwanangu ana miezi saba. Akilala nabaki njia panda: nilale au niandike? Riwaya imekwama sura ya nne, na wahusika hunisemesha ninapomnyonyesha, mikono haipo huru. Wenzangu mnafanyaje?

Jibu: Dada, lala kwanza. Wakikusemesha, jirekodi kwa simu. Mazungumzo yakitoka mdomoni huwa hai zaidi. Mimi huiacha sentensi nusu makusudi, nikirudi najua pa kuanzia.

Jibu: Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alilea wana wawili peke yake huku akiwa mhariri, akiandika kabla ya mapambazuko. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1970, akiwa na miaka 39. Usijiharakishe, mama.

Muulizaji: Kurekodi naanza leo. Na Jumamosi baba yake atamchukua asubuhi, nimeshamwambia.