Dinamo ya Land Rover ya 1965 inachaji kwa kusuasua: ubovu uko kwenye dinamo au katauti?

Mwana wa Kibosho:

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba msaada kuhusu Land Rover Series IIA ya mwaka 1965, injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo bado ina dinamo ya asili, yaani mtambo wa kuzalisha umeme wa kuchaji betri, Lucas C40. Tangu zamani taa nyekundu ya chaji huwaka kidogo injini ikinguruma taratibu na kuzima nikikanyaga mafuta, nami nimekuwa nikiichukulia hali hiyo kuwa ya kawaida. Siku hizi, hata hivyo, taa hiyo inapepesa hata gari likiwa katika mwendo, taa za mbele zinafifia na kung'aa zenyewe, na upande wa nyuma wa dinamo kunasikika mkwaruzo wa chuma. Betri ni mpya. Fundi wa jirani ananishauri niitoe kabisa na kufunga altaneta, kizalisha umeme cha magari ya kisasa, lakini ningependa gari libaki lilivyo. Nitajuaje kama ubovu uko kwenye dinamo yenyewe au kwenye katauti, kile kisanduku kinachodhibiti chaji? Tena, chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Je, jambo hilo linabadilisha vipimo?

Fundi Rewaya:

Ndugu, kabla ya kufungua hata skrubu moja, itenge dinamo na katauti, kwa sababu watu wengi hununua katauti mpya huku ugonjwa uko kwenye kaboni, zile brashi zinazopokea umeme ndani ya dinamo. Kwanza bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati, kati ya puli na puli; uingie kama sentimita moja hivi. Kisha chomoa nyaya zote mbili za dinamo, ule mnene wa D na mwembamba wa F, na uunganishe ncha ya D na ya F za dinamo yenyewe kwa kipande kifupi cha waya. Weka mita ya volti kati ya waya huo na bodi ya dinamo. Kwa kuwa gari lako lina chanya kwenye bodi, waya mwekundu wa mita ndio ugusishwe kwenye bodi.

Washa injini na uongeze mwendo polepole. Dinamo nzima hupandisha volti haraka bila kuyumba, na ikikaribia 20 inatosha, usiendelee kukanyaga mafuta, kwa maana kwa wakati huo hakuna kinachoizuia. Mita isiposoma chochote, shuku kaboni. Ikisoma nusu volti hadi volti moja, shuku koili za fildi (zinazotengeneza sumaku ya dinamo), ambazo kwa C40 zinapaswa kupima takriban omu 6 kati ya F na bodi. Ikikwama kwenye volti 4 au 5, amecha yenyewe, ile sehemu inayozunguka ndani ya dinamo, ina hitilafu. Usomaji ukiwa mzuri na thabiti, ndipo uende kwenye nyaya na katauti.

Mwana wa Kibosho:

Ahsante sana. Nimepima kama ulivyoelekeza. Volti zinapanda hadi 14, lakini hazitulii. Zinashuka hadi 9 na kurudi, na kila zinaposhuka ule mkwaruzo unasikika. Puli ya mbele haichezi.

Mama Gereji:

Ndugu yangu, vipimo hivyo pamoja na mkwaruzo vinaelekeza kwenye bushi ya nyuma. Mbele kuna beringi ya gololi, lakini nyuma ekseli ya amecha inazunguka ndani ya bushi ya shaba yenye vitundu vidogo vinavyonyonya oili, na kwenye kifuniko kuna tundu la kudondoshea oili ambalo madereva wengi hawajui hata kama lipo. Bushi ikikauka, au mkanda ukikazwa kupita kiasi, inatanuka, amecha inalala upande mmoja na kuanza kusugua vyuma vya sumaku, na wakati huohuo kaboni zinarukaruka juu ya komyutata, ile shingo ya amecha yenye vipande vya shaba.

Fungua boliti mbili ndefu za nyuma utazame. Amecha yenye mstari unaong'aa kama kijiko kilichosuguliwa imekuwa ikisugua. Ukiona matone ya lehemu yametapakaa ndani ya ganda, dinamo iliwahi kuchemka kwa kubebeshwa mzigo mkubwa, na hapo tafuta amecha nyingine. Kama hayapo, kazi inafanyika. Bushi kuukuu hutolewa kwa kuingiza tapu ya kukatia uzi na kuivuta. Bushi mpya ilowekwe kwenye oili ya injini kwa saa 24 kabla ya kupigwa, na mtu asikudanganye kuichonga ndani, kwa maana vile vitundu vitazibika na itakufa mapema.

Komyutata isafishwe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha msasa laini wa mbao. Msasa wa chuma usiukaribishe kabisa, chembe zake hubaki kati ya vipande vya shaba. Ikiwa ina mabonde, mpelekee mkerezaji aikereze kidogo iwezekanavyo, halafu ulanga (kihami umeme) ulio kati ya vipande ukatwe ushuke kama milimita 0.8 chini ya shaba; bledi ya msumeno wa chuma iliyonolewa ubavuni ifanane na upana wa ulanga inafaa sana. Wakati wa kufunga, inua kaboni na uzibane kwa springi zikiwa zimelala ubavuni mwao, sukuma kifuniko hadi kibaki kama sentimita moja, kisha ingiza bisibisi nyembamba na uziachie springi zikae juu ya kaboni. Ukilazimisha bila kufanya hivyo utavunja kaboni mpya.

Fundi Rewaya:

Ninaongeza mambo mawili. Dinamo ikishafungwa garini, kabla ya kurudisha nyaya, iamshe sumaku yake: chukua waya kutoka hasi ya betri na uguse ncha ya F kwa sekunde moja au mbili tu. Usipofanya hivyo inaweza kuchaji kinyume.

Pili, kuhusu altaneta, siwalaumu mafundi. C40 hutoa ampea 22 tu, na gari likifungwa redio kubwa, taa za ziada na jokofu la safari, dinamo haitamudu hata ikiwa mpya. Lakini kwa gari lenye taa zake za asili inatosha, na kwa kuwa lako lina chanya kwenye bodi, altaneta ya kawaida ingekulazimu kugeuza betri na kila kinachojali chanya na hasi. Kwa hiyo ningenunua bushi, beringi na kaboni kwanza. Katauti usiiguse mpaka dinamo isome volti zisizoyumba.