Wikendi ya kuzunguka jiji na watoto wadogo, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Tunapanga kwenda kutembea jiji tusilolijua, Jumamosi na Jumapili, tukiwa na mtoto wa miaka 5 na mwingine wa mwaka na nusu. Mwenzangu ameshaandika orodha ndefu: makumbusho, mnara, soko la zamani, bustani ya wanyama, basi la ghorofa lisilo na paa. Mimi naona tukimaliza nusu yake tushukuru.

Kinachonisumbua hasa ni usingizi wa mchana. Huyu mdogo asipolala saa saba, hadi jioni hakuna atakayefurahia kitu. Mnarudi hotelini, au mnamlaza kwenye kigari huku mkiendelea? Na kigari chenyewe ni mtihani: kwenye ngazi za stesheni kinabebwa, kwenye barabara za mawe kinatingishika hadi kofia ya mtoto inadondoka. Au mbeleko inatosha?

Mkubwa hana shida, anachotaka ni kupanda basi tu. Makumbusho ataulizia choo kabla hatujafika chumba cha pili.

Mliopitia haya, mngefuta nini kwenye orodha hiyo? Na mnara ni asubuhi kabla ya foleni, au jioni?