Krepe ya kwanza kuharibika: tupeane uzoefu

Mama wa Mapacha, Katuba
Wapendwa, habari za jioni kutoka Lubumbashi. Leo watoto wameomba krepe, zile chapati za maji nyembamba. Ya kwanza imenata chini, nikaikwangua ikatoka vipande vipande, huku nyeupe, huku imeungua. Ya pili imetoka laini kama kitambaa. Farini (unga wa ngano) ile ile, mbabula (jiko la makaa) ile ile, mkono ule ule! Nimemkumbuka marehemu mama. Akihesabu krepe za wageni, mwishoni alikuwa akisema, "na moja ya kikaango." Hiyo hakumpa mtu. Kwenu ni vile vile? Na sababu ni nini?

Binti Kadutu
Kwetu vile vile. Mpaka chapati.

Papa Chapati, Birere
Mama, mimi nauza chapati hapa Goma mwaka wa 9 sasa. Sababu ni moto. Chuma kizito huchelewa kushika moto, tena hakishiki sawasawa: katikati, juu ya makaa, panawaka, pembeni bado baridi. Ukimwaga uji wa krepe hapo, maji yaliyo ndani yake yanakula joto lote lililokuwepo. Unanata kabla haujaiva. Asubuhi mimi natangulia na chapati ndogo, upana wa kiganja, ya kupima. Hiyo siuzi.

Yaya wa Bel-Air
Papa, kwa heshima, sababu ni mafuta. Mwanzoni watu wanamimina mengi, yanajikusanya vidimbwi. Penye dimbwi krepe inakaangika, pakavu inanata, ndiyo yale madoadoa. Ya kwanza inayanywa yote, inabakisha utando mwembamba, halafu ya pili inapata sifa ambazo si zake! Chukua nusu ya kitunguu, ichome kwenye uma, chovya kwenye mafuta, pangusa kikaango. Basi.

Papa Chapati, Birere
Kitunguu kwenye kikaango baridi hakisaidii kitu, dada yangu.

Yaya wa Bel-Air
Nani kasema baridi? Soma vizuri, Papa. Na chapati ni donge unalosukuma, krepe ni uji. Si kazi moja.

Mwanafunzi, Bukavu
Wakubwa wangu, mko sawa wote wawili, ila unga mmeusahau. Ukishakoroga, uache nusu saa. Farini inakunywa maziwa taratibu, na ile hali ya kuvutika kama mpira inalegea. Mtu mwenye haraka anamwaga ya kwanza wakati unga haujatulia, ya tano inakuta umetulia. Anasifu kikaango bure. Kuhusu rangi: kahawia nzuri inataka joto la kupita nyuzi 140 hivi, na maji yakiwa bado mengi pale chini, joto halipandi mpaka huko. Sisi huku, mita kama 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na yakiwepo joto linakwama hapo. Kwa hiyo pima kikaango kikavu kwa tone la maji. Likitulia na kutoa mvuke, subiri. Likikimbia huku na huku kama shanga, kimefika. Ndipo upake mafuta, upunguze moto kidogo.

Fundi wa Ruashi
Sugueni kikaango kwa chumvi kavu na karatasi. Msikioshe kwa sabuni kamwe.

Binti Kadutu
Mimi sabuni kila siku, na krepe zangu hazinati.

Mama wa Majengo, Goma
Nisameheni, yangu ni ndefu. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Kesho yake Pentekoste, na mkubwa wangu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Nilikoroga unga wa mayai 12 kwenye beseni. Saa moja ya jioni nikamwaga krepe ya kwanza, ikanata. Nimeinama naikwangua kwa mwiko, nikaona mikono yangu imekuwa myekundu. Nikadhani ni makaa. Kuinua macho, mbingu yote upande wa Nyiragongo nyekundu, na jirani analia, "Volkano! Volkano!" Mwaka 2002 nilikuwa msichana, niliona uji wa moto ukikata mji katikati. Sikungoja. Mdogo mgongoni, mkubwa kashika kitenge changu, tukafuata umati kwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Njiani ananiuliza, "Mama, na krepe?" Nililia pale, mbele ya watu, kwa lile swali tu.

Tulilala nje. Asubuhi tukasikia uji wa moto umesimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Nyumba niliikuta. Mbabula imezimika, krepe iko pale pale, nyeusi, ngumu kama kigae. Unga umechacha, umefura hadi kumwagika sakafuni. Ardhi ikaendelea kutikisika, na Alhamisi tukaambiwa tuhame tena, tukaenda Sake. Mpaka leo ya kwanza ikinata, ninasimama kwanza nitazame mlimani.

Binti Kadutu
Pole sana, Mama. Machozi yamenitoka.

Papa Chapati, Birere
Pole, mama yangu. Usiku ule nilikimbia na beseni la chapati kichwani, tukala kumi na mmoja njiani, hakuna aliyemjua mwenzake.

Yaya wa Bel-Air
Na komunyo, Mama? Mtoto alipata?

Mama wa Majengo, Goma
Alipata, baadaye. Nilikoroga mayai 12 tena. Ya kwanza ilinata, akaiomba mwenyewe, akala vile vipande vyote.

Msafiri, Kampemba
Nilisoma Moscow. Warusi wana methali hiyo hiyo: chapati ya kwanza ni donge. Wanaisema hata mtu akiharibu kazi siku yake ya kwanza.

Fundi wa Ruashi
Ukiona inanata, usiikwangue mapema. Iache, ikiiva inajiachia yenyewe.

Yaya wa Bel-Air
Ikiungua je?

Mama wa Mapacha, Katuba
Nimerudi, wapendwa. Nimeacha unga nusu saa, tone la maji limekimbia, nimepangusa kwa kitunguu. Ya kwanza imetoka nzima! Ukingo mmoja tu umekunjika. Mapacha wanaigombania, nami nimezoea kuihesabu ya kikaango, kwa hiyo nilikoroga ya ziada. Mama wa Majengo, ungekuwa Katuba ningekuletea.